Testi nyekundu za saa nane usiku, na kosa letu la kupenda kijani

Testi ni vijiprogramu vinavyokagua programu yetu vyenyewe, ikipasi ni kijani, ikifeli ni nyekundu, na kwetu kuna tatu zilikuwa zinafeli usiku tu. Dogo mmoja kwenye timu yetu hapa Mwanga, Kigoma, anapenda kufanya kazi usiku manake intaneti inakuwa nyepesi na nyumba imetulia, sasa akituma mabadiliko yake ya programu mida ya saa saba saa nane usiku zile testi tatu zinawaka nyekundu, asubuhi tukifika mtu anabonyeza rudia, zinapasi, tunaendelea na mambo mengine. Ilienda hivyo karibu miezi miwili. Tukazipa na jina kabisa, kigeugeu, yaani kwenye grupu la WhatsApp la kazi mtu akiuliza mbona nyekundu anajibiwa ni vile vigeugeu bwana, rudia tu.

Mfumo wenyewe ni wa kuandikia mizigo, dagaa na mawese hasa, maharage kidogo kutoka kule juu. Sasa mama mmoja wa Kibirizi anayenunua dagaa kwa jumla akapiga simu, ametulia kabisa wala hakugomba, akasema mwanangu hesabu zenu na daftari langu haziendani, kuna mizigo yangu mnaiweka jana. Nikamfuata asubuhi, shikamoo mama, marahaba, akanifungulia daftari. Mzigo aliopokea saa nane usiku ameuandika tarehe yake, kwetu uko kwenye ripoti ya siku iliyopita. Daftari lilikuwa sahihi, sisi ndo tumekosea. Seva yetu inahesabu kwa saa za kimataifa, na Tanzania tuko masaa 3 mbele, kwa hiyo kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa usiku seva inaamini bado ni jana. Zile testi tatu zilikuwa zinalia hilo hilo kila usiku, miezi miwili, na sisi kila asubuhi tunazinyamazisha.

Iliniuma sana, na ndo sababu naandika hii.

Watu wakiongelea makosa ya otomesheni ya testi, yaani kuiachia mashine iendeshe testi, wengi wanaanzia kwenye zana za kubofya kurasa, mara Selenium imezeeka, mara hamia Playwright, mara lugha gani inafaa. Selenium ilianzishwa 2004 na Jason Huggins pale kampuni ya ThoughtWorks, Chicago, Playwright ikatoka Microsoft 2020, na makosa niliyoyaona kwenye ya kwanza ndo hayo hayo nayaona kwenye ya pili. Mi naamini kosa liko kabla hujachagua zana yoyote. Tunaandika testi ili zipasi. Tunataka ile rangi ya kijani, bosi anaitaka, mteja akionyeshwa anafurahi, basi kila tunachofanya kinasogea upande wa kijani kidogo kidogo bila mtu kukaa kikao kuamua. Na testi kazi yake ni kutukamata tulipokosea. Sasa mtu akijitengenezea mlinzi ambaye hawezi kupiga kelele, anamlipa wa nini?

Twende kwenye hivi vigeugeu kwanza manake ndo vinaua timu nyingi. Piga hesabu hii: una testi 300, na kila moja ina nafasi ndogo tu ya kufeli bila sababu, tuseme mara 5 kwenye 1,000. Inaonekana sio kitu. Lakini ili zote 300 zipasi kwa pamoja inabidi uzidishe 0.995 mara 300, unapata kama 0.22. Yaani katika kila mara 10 utakazoziendesha, karibu mara 8 kutakuwa na nyekundu hata moja ya uongo. Ukizikaza zikawa zinakosea mara 1 tu kwenye 1,000, bado robo ya mara zote unapata nyekundu isiyo na maana. Sio uzembe wa mtu hapo, ni hesabu tu, na ndo maana hata wakubwa wanahangaika nayo. Google 2016 walieleza kwamba karibu asilimia 16 ya testi zao zilikuwa na ukigeugeu wa namna fulani, na testi iliyokuwa inapasi ikigeuka kufeli, asilimia 84 ya mara hizo kulikuwa na kigeugeu ndani yake. Kwa hiyo mtu anayebonyeza rudia sio mjinga, kwa uzoefu wake mara nyingi yuko sahihi. Hatari yenyewe iko hapo, manake ukishazoea kwamba nyekundu ni uongo, siku ikisema kweli huna tena sikio la kuisikia.

Kitu tulichobadilisha baada ya yule mama ni kimoja na kimesaidia kuliko zana yoyote tuliyowahi kununua. Testi ikigeuka geuka hairuhusiwi kurudiwa kimya kimya. Inatolewa kwenye zile zinazozuia kazi isiende kwa wateja, inawekwa pembeni, inaandikwa jina la mtu atakayeifuatilia na tarehe ya mwisho, na kitu cha kwanza anachoandika ni ilifeli saa ngapi, kwenye mashine gani, na baada ya testi ipi. Saa tu ingetuambia kila kitu. Ukiangalia orodha ukaona zote zimefeli kati ya saa sita na saa tisa usiku, huhitaji kuwa mtaalamu.

Na mara nyingi sababu ni zile zile. Testi mbili zinatumia mteja mmoja wa majaribio, moja inamfuta nyingine inamtafuta, kwa hiyo inategemea nani katangulia. Dawa ni kila testi ijitengenezee mteja wake na ikimaliza isimwachie mwenzake uchafu, alafu ziendeshe kwa mpangilio wa kubahatisha kila siku ili wanaotegemeana waumbuke mapema. Au ni kusubiri. Mtu anaona kitufe kinachelewa kutokea kwenye skrini anaandika lala sekunde 3 kisha bonyeza. Kwake inafanya kazi, kwenye mashine nyingine iliyolemewa kitufe kinatokea sekunde ya 4, imefeli, anaongeza ziwe 5. Baada ya mwaka mna sehemu 400 za kulala, hata kama ni sekunde 3 tu kila moja ni dakika 20 mashine imelala, na bado haziaminiki. Mwambie isubiri mpaka kitufe kitokee na kiwe kinabonyezeka, na uweke kikomo cha muda, kwamba kisipotokea kabisa ndani ya sekunde kadhaa basi feli. Kikitokea mapema inaendelea mapema. Hili zana zote za saivi zinalijua, ni sisi hatulitumii.

Sasa nije kwenye testi zinazonitisha zaidi ya vigeugeu, zile ambazo hazijawahi kufeli hata siku moja.

Nilishawahi kukuta testi, sio kwenye timu ya saivi, imeandikwa vizuri kabisa, inafungua ukurasa, inajaza fomu, inabonyeza hifadhi, mwisho. Haiangalii kama kimehifadhiwa. Mtu aliyeiandika nadhani alikuwa na nia ya kurudi amalizie, hakurudi, na testi ikaendelea kuwa ya kijani miaka. Ungeweza kufuta kazi yote ya kuhifadhi ukaacha kitufe peke yake na bado ingepasi. Ubaya ni kwamba kwenye ripoti ya bosi inahesabika, manake ripoti inapima asilimia ya mistari ya programu iliyoguswa na testi, na kweli imeguswa. Kuguswa sio kukaguliwa. Mtu akipita kwenye banda lako la dagaa huku akiangalia simu yake amepita, lakini huwezi kusema amekagua mzigo. Timu ikiambiwa ifikishe asilimia 80 itafikisha, kwa testi za namna hiyo hiyo, na kila mtu atakuwa ametimiza alichoagizwa.

Njia ya kuzikamata ni rahisi mpaka inashangaza kwamba hatuifanyi. Iharibu programu kwa makusudi. Geuza alama ya kubwa kuliko iwe ndogo kuliko, futa mstari wa kuhifadhi, palipo na kujumlisha weka kutoa, alafu endesha testi. Zisipopiga kelele, hizo ni pambo. Hili wazo sio geni, mtaalamu wa kompyuta Richard Lipton alilitoa 1971 akiwa mwanafunzi, na siku hizi kuna programu zinazofanya huo uharibifu zenyewe na kukuletea orodha ya uharibifu ambao hakuna testi iliyouona. Lakini hata bila hizo programu, mi kwenye timu yetu naomba kitu kimoja tu kwa mtu anayeleta testi mpya: nionyeshe ikifeli. Usiniambie, nionyeshe. Dogo mwanzoni aliona namchosha, siku ya nne akagundua testi yake mwenyewe haiwezi kufeli hata afanye nini manake alikuwa analinganisha kitu na chenyewe, tangu hapo anaanza mwenyewe bila kuambiwa.

Mfano mkubwa wa dunia nzima upo na sio wa zamani. Julai 19, 2024, CrowdStrike walituma sasisho la programu yao ya ulinzi, kompyuta za Windows kama milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft zikaanguka, ndege zikakwama, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Ukisoma maelezo waliyoyatoa wenyewe baadaye, sio kwamba hawakuwa na testi. Walikuwa nazo na zilipasi. Kulikuwa na mahali panapotarajia vitu 21, na programu iliyokuwa inapeleka vitu ilikuwa inapeleka 20. Tofauti hiyo ilikaa humo toka mwezi wa pili bila kuonekana, kwa sababu kwenye majaribio kile kitu cha 21 kiliwekwa alama ya kukubali chochote, na ukisema chochote sawa, programu haina haja ya kwenda kukiangalia. Siku walipotuma sasisho linalotaka kitu cha 21 chenye thamani kamili, programu ikaenda kukitafuta mahali ambapo hakipo, ikaanguka na Windows yote. Mi nikisoma hiyo naona ugonjwa wetu ule ule, data ya majaribio iliyochaguliwa kwa sababu ni laini, inapita, haisumbui.

Kwetu ugonjwa huo uko kwenye malipo ya simu, na hapa naomba wenzangu wote mnaotengeneza mifumo ya kulipia kwa simu mnisikilize. Huwezi kuendesha testi 300 kila siku kwa kukata hela za kweli, kwa hiyo unatengeneza seva ya kuigiza, inajifanya ndo kampuni ya simu. Ya kwetu ilikuwa inajibu ndani ya nusu sekunde na jibu lake ni moja, imefanikiwa. Tulipojiona wajanja tukaongeza la pili, imeshindikana, salio halitoshi. Basi. Sasa maisha yenyewe hapa yakoje? Mama amesimama mwaloni, mtandao unakuja unakatika, anaweka namba ya siri, hela inakatwa kweli, lakini jibu la kampuni linafika kwenye seva yetu baada ya dakika 4. Skrini yake sisi tulishaiandikia baada ya dakika 1 kwamba imeshindikana, jaribu tena. Anajaribu tena, mara mbili imekatwa. Au jibu linakuja mara mbili, manake kampuni ikituma na isiposikia kwamba tumepokea inatuma tena, na sisi tunaandika malipo mawili kwa hela moja. Au halifiki kabisa. Katika hayo yote testi zetu zilikuwa kijani tupu, kwa sababu seva yetu ya kuigiza ilikuwa na tabia nzuri kuliko kampuni yoyote ya simu duniani.

Tumeifundisha tabia mbaya. Saivi inachelewa, inajibu mara mbili, inakaa kimya, inajibu la pili kabla ya la kwanza, inakata katikati. Siku ya kwanza tulivyoiwasha hivyo zilifeli testi kibao na ilikuwa siku nzuri kuliko zote kwenye mradi ule, kila nyekundu ilikuwa ni hela ya mtu. Kila malipo sasa yana namba yake ya kipekee, jibu likija mara ya pili kwa namba ile ile halihesabiki, na skrini haisemi imeshindikana mpaka tumeuliza hali ya malipo na kujibiwa, inasema bado tunasubiri. Alafu mara moja kwa wiki tunalinganisha ile ya kuigiza na mazingira ya majaribio ya kampuni yenyewe, manake wao wanabadilisha vitu na igizo linabaki la mwaka jana.

Nyingine ya data laini. Serikali ilipopumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, 2024, ripoti zetu za mwezi zikaanza kugoma. Tuna mahali tunapata bei ya wastani kwa kugawa hela zote kwa kilo zote zilizopokelewa, na mwezi wa 6 na wa 7 mapokezi ya dagaa ni sifuri, kugawa kwa sifuri hakuna, ripoti nzima inaanguka hata kwa mtu wa mawese ambaye hahusiki na ziwa. Data ya testi ilikuwa imejazwa mizigo kila siku, Jumatatu mpaka Jumapili, mwezi mzima. Na sisi tunaoishi hapa tunajua kabisa mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa wanapumzika, taa hazivuti kitu maji yakiwa yana mwanga, Kibirizi kunapoa siku kadhaa, dagaa wanapanda bei. Kila mwezi ziwa linatuonyesha siku za sifuri na hakuna hata mmoja wetu aliyeweka sifuri kwenye testi. Hapo hamna zana ya kulaumu, ulikuwa ujuzi wa mahali ambao haukuingizwa kwenye kompyuta.

Ndo maana huwa sikubaliani na mabosi wanaosema otomatisha zote tupunguze matesta. Mashine inarudia ulichoshafikiria, haiwezi kufikiria usichofikiria. Anayejua kwamba mikono ikiwa na maji ya samaki skrini haishiki vizuri, kwamba saa saba mchana juani maandishi ya kijivu hayaonekani, kwamba mzee wa Ujiji anaandika namba ya simu kwa kuanza na 0 na mwanae anaanza na 255 na wote wawili ni mteja mmoja, ni mtu aliyekaa pale akaangalia. Mpe huyo mtu muda kwa kuiachia mashine yale ya kurudia rudia, hapo otomesheni imefanya kazi yake. Na usiiweke yote kwenye skrini. Mike Cohn, mwandishi wa vitabu vya utengenezaji wa programu, aliichora kama piramidi 2009, testi nyingi ndogo ndogo za haraka chini, chache za kubofya bofya juu, na timu nyingi ninazoziona zimeigeuza, juu kumejaa chini hamna kitu, alafu zinalalamika testi zinachukua saa nzima.

Za skrini chache utakazobaki nazo, usizielekeze kwa kuhesabu nafasi, kwamba bonyeza kitufe cha tatu ndani ya boksi la pili. Ni kama kumwelekeza mgeni hapa Mwanga duka la nne kutoka kona, mtu akiongeza kibanda mgeni kapotea. Mpe jina. Wekeaneni makubaliano na madevelopa kila kitu muhimu kiwe na jina lake lisilobadilika hata neno hifadhi likigeuzwa kuwa tunza.

Saivi tunayo nyekundu moja na naiandikia nikiwa naiangalia. Kule Manyovu mpakani simu zinadaka mtandao wa Burundi, na Burundi wako saa moja nyuma yetu, kwa hiyo simu inajirudisha saa yenyewe bila kuuliza. Mzigo wa maharage umepokelewa saa nne kamili, umetoka saa nne na nusu, lakini katikati simu ikahama mtandao, risiti inasema umetoka saa tatu na nusu, kabla haujaingia. Testi yake tumeiandika wiki iliyopita, tumeiona ikifeli, na suluhisho la kutumia saa ya seva linafanya kazi pale mtandao ukiwepo. Usipokuwepo kabisa, na kule mara nyingi haupo, simu inabaki na saa yake tu, na hapo ndo tumekwama. Bosi ana wageni Ijumaa, akauliza kama tunaweza kuizima kidogo mpaka waondoke. Nikamwomba aiache, nikamkumbusha lile daftari la Kibirizi. Akakaa kimya kidogo, akasema sawa, iacheni, nitawaeleza mwenyewe ni ya nini.